Burton Amenuna kwa Sababu: Majibu Yangu Kuhusu Filamu ya Kijasusi ya 1965

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba filamu ya kijasusi ninayoiweka mbele ya zote ni The Spy Who Came in from the Cold, aliyoiongoza Martin Ritt mwaka 1965 kutokana na riwaya ya John le Carré. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Wengine mmeitafuta mkaiangalia, wengine mmekasirika, na wapo waliokuja na hoja nzito za kunipinga. Nimechagua barua tano. Ambaye hajaiona na hapendi kuambiwa mwisho, akaiangalie kwanza, maana hapa chini nasema yote.

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Niliitafuta ile filamu uliyoisifia, nikaiangalia na mwanangu wa kiume. Yeye alilala kabla haijafika nusu. Mimi nilivumilia mpaka mwisho lakini sikuona cha kusifia. Magari hayakimbizani, risasi za kuhesabu, na huyo Richard Burton amenuna tangu mwanzo. Halafu steringi mwenyewe anakufa! Je, tunaisifu kwa sababu ni ya zamani? Na kama kuna uigizaji mzuri humo ndani, ni upi hasa?*

Jibu: Marahaba. Kijana mwache alale. Sisi tuzungumze kuhusu huko kununa kwa Burton, maana umegusa penyewe.

Alec Leamas, ndiye anayechezwa na Burton, ni mkuu wa kituo cha ujasusi cha Waingereza mjini Berlin. Watu wake wa upande wa Mashariki wameuawa mmoja baada ya mwingine, na anayewaua ni ofisa wa Ujerumani Mashariki anayeitwa Mundt. Filamu inaanza usiku kwenye kituo cha ukaguzi cha mpakani. Leamas anamsubiri wa mwisho aliyebaki, Karl Riemeck. Karl anatokea na baiskeli, king'ora kinalia, anapigwa risasi Leamas akiona. Anaporudishwa London, mkubwa wake, ambaye tunamjua kwa jina moja tu la Control, anampa kazi ya mwisho: ajifanye mtu aliyeporomoka. Alewe, apoteze kazi, akose hata hela ya kula, aonekane ana chuki na wakubwa zake, mpaka wale wa upande wa pili wamfuate wenyewe wamnunue. Akishanunuliwa, awauzie habari zitakazomfanya Mundt aonekane msaliti na kuuawa na serikali yake mwenyewe.

Sasa angalia mzigo aliotwishwa mwigizaji. Burton anamwigiza mtu ambaye naye anaigiza. Ninapowafundisha wanafunzi wangu wa jukwaani kucheza mlevi, huwa nawakumbusha kwamba mlevi hataki kuonekana amelewa. Anajitahidi kutembea sawa na kutamka maneno yote. Kazi ya Burton ni ngumu zaidi ya hiyo. Leamas anataka aonekane amelewa, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa, na wakati huohuo amelewa kweli na amechoka kweli, na hilo la kweli ndilo analolificha. Kwa hiyo ule uso ulionuna una tabaka mbili, na Burton hasemi hata mara moja ipi ni ipi.

Rudi kwenye tukio la duka. Leamas anaingia kwa muuza vyakula wa mtaani kwake, anataka achukue vitu kwa mkopo. Muuzaji anachezwa na Bernard Lee, yuleyule aliyekuwa bosi wa James Bond kwenye filamu za miaka hiyo. Anakataa kukopesha, na anakataa kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayejua duka ni lake. Leamas anampiga. Ni kipigo kifupi na kibaya, hakina mbwembwe yoyote ya sinema. Baadaye tunaelewa kwamba kilipangwa, maana alitakiwa afungwe jela ili hadithi ya kuporomoka kwake iaminike. Lakini mtazame uso wakati anapiga. Wanafunzi wangu hugawanyika hapo kila mara, wengine wanaona hesabu, wengine wanaona hasira. Mimi nashikilia kwamba ngumi imeanza kama kazi ikaishia kuwa hasira ya kweli. Mwongozaji hatusaidii kwa muziki wala kwa picha ya karibu ya kutufafanulia. Ametuachia mwigizaji, basi.

Halafu kuna sauti. Burton alikuwa Mwelshi, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, na alikuwa na mojawapo ya sauti kubwa kabisa za jukwaa la Uingereza. Mwaka mmoja kabla ya filamu hii, 1964, alicheza Hamlet Broadway chini ya uongozaji wa John Gielgud, na watu walijaa kwenda kuisikia sauti hiyo. Humu ameifungia ndani. Anasema chini chini, anakata sentensi, anameza miisho ya maneno, anajibu kwa neno moja mahali ambapo mwigizaji mwingine angeomba aongezewe mistari. Anaiachia kwa ukamilifu mara moja tu, ndani ya gari, karibu na mwisho, anapomweleza Nan, mwanamke anayempenda, majasusi ni watu wa namna gani hasa. Nan amemuuliza kama hawaoni ubaya wa wanachofanya, na yeye analipuka kwamba majasusi hawakai kupima kila tendo kwa maandiko ya dini au ya Karl Marx. Ni watu duni, wanyonge, walevi kama yeye. Hotuba hiyo inatikisa kwa sababu tumekaa zaidi ya saa moja na nusu tukiinyimwa sauti hiyo. Mwigizaji mwenye kipaji kikubwa akakubali kukizuia kwa muda wote huo, akijua ni kwa ajili ya dakika chache za mwisho, huyo anastahili heshima yetu.

Ukitaka kuuona uigizaji wenyewe, fanya kitu ninachowafanyisha wanafunzi: zima sauti kwenye tukio la Leamas na Control ofisini. Control anachezwa na Cyril Cusack, mwigizaji kutoka Ireland, na ndiye mtu wa kutisha kuliko wote humo ndani. Ni mpole, mnyenyekevu kidogo, anazungumza kama mhadhiri aliyechoka mwisho wa muhula. Anachosema ni kwamba kwa kuwa nia zao ni za amani, haimaanishi mbinu zao ziwe laini kuliko za adui. Maneno hayo yakitamkwa kwa ukali yangekuwa ya mtu mbaya wa kwenye filamu. Cusack anayatamka kama anayekuuliza unatumia sukari kiasi gani, na ndipo yanapochoma. Ukiwa umezima sauti utaona upande wa pili wa tukio hilo: Burton anasikiliza. Macho yamemtulia Control, kichwa hakisogei, na kuna wakati taya linajikaza kidogo. Leamas hapo bado anamwamini bosi wake. Kumbuka hilo, maana nitalirudia kwenye barua ya tano.

Umeuliza kama tunaisifu kwa uzee wake. Hapana. Ina udhaifu wake na ninaukubali. Sehemu ya Uholanzi, ambapo Leamas anahojiwa na Peters, inakokota miguu. Sam Wanamaker, anayemcheza Peters huyo wa upande wa pili, anacheza vizuri lakini amepewa kuuliza maswali tu. Na yeyote asiyejua kwamba Berlin iligawanywa kwa ukuta kuanzia Agosti 1961 atapotea mapema, kwa sababu filamu haimfundishi mtu. Watazamaji wa 1965 hawakuhitaji kufundishwa. Walikuwa wanausoma ukuta huo kwenye magazeti. Huenda mwanao angekaa macho kama ungemweleza hayo mawili matatu kabla ya kuanza.

Swali: *Mwalimu, mimi nakubaliana nawe kuhusu filamu ila nakupinga kuhusu Burton. Aliyeibeba filamu ile ni yule Fiedler, yule ofisa mdogo mdogo mwenye tabasamu. Akitokea yeye, Burton simuoni tena. Kwa nini hukumtaja?*

Jibu: Sikumtaja kwa sababu nilikuwa na mstari mmoja. Leo nina nafasi, na nitaitumia.

Fiedler anachezwa na Oskar Werner, mzaliwa wa Vienna, ambaye wapenzi wa sinema za Ulaya walishamjua kupitia Jules et Jim ya mwaka 1962. Mhusika wake ni mhojaji wa idara ya ujasusi ya Ujerumani Mashariki. Ni Myahudi, na bosi wake ni Mundt, mtu aliyekuwa Mnazi. Hilo peke yake lingetosha kumpa mwigizaji sababu ya kukunja uso filamu nzima. Werner hakukunja. Anaingia mwepesi, mdadisi, anainamisha kichwa pembeni kidogo kama anayesikiliza muziki wa mbali, na anatabasamu pale ambapo hakuna cha kuchekesha. Kati ya wote tunaokutana nao, Fiedler peke yake ndiye anayefurahia kufikiri.

Matukio ya yeye na Leamas wakitembea vilimani ndiyo moyo wa filamu kwangu. Fiedler ameshapata habari alizotaka, lakini anaendelea kuuliza. Anataka kujua Leamas anaamini nini. Anashindwa kuelewa mtu anawezaje kuua na kudanganya bila kuwa na falsafa yoyote nyuma yake. Yeye anaua kwa sababu anaamini historia iko upande wake. Leamas anamjibu kwa mkato na kwa karaha. Ndiyo hapo unapoona kwa nini nakataa kumtenganisha Werner na Burton. Uchangamfu wa Werner unaonekana kwa sababu kuna mtu mbele yake anayekataa kufunguka. Angekuwa na mwenzake mchangamfu kama yeye, tungeona watu wawili wanashindana kwa maneno tu. Na bila Werner, kimya cha Burton kingebaki kimya.

Lakini tukio lake la kunyanyua kofia ni la mbele ya baraza linalosikiliza mashtaka dhidi ya Mundt. Fiedler anaingia na kesi aliyoijenga kwa miaka: Mundt ni mtu wa Waingereza. Anaipanga hatua kwa hatua, kwa furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetimia. Halafu wakili wa Mundt, anayechezwa na George Voskovec, anaanza kuibomoa, na shahidi ambaye hakutarajiwa anaitwa. Burton hapo anainuka, anapiga kelele, anajaribu kuokoa kinachookoka. Werner anafanya kinyume. Anatulia. Ule wepesi wote unamtoka mwilini, mabega yanashuka, na unamwona anaelewa kabla ya Leamas kuelewa. Hana hotuba ya kifo. Anajua amesema kweli, na anajua kweli hiyo ndiyo inayomuua.

Kwa kazi hiyo alipewa Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Na kuna jambo lingine litakalokupendeza: kwenye Oscar za mwaka huohuo, Burton aliteuliwa kuwania mwigizaji bora kwa filamu hii, na mmoja wa washindani wake wanne alikuwa Oskar Werner huyohuyo, kwa filamu nyingine, Ship of Fools. Wote wawili walitoka mikono mitupu, tuzo ikaenda kwa Lee Marvin wa Cat Ballou. Burton aliteuliwa mara 7 maishani mwake na hakuipata hata moja. Waingereza angalau walimpa tuzo yao ya filamu, BAFTA, kwa Leamas.

Kwa hiyo nakupa nusu ya ushindi. Werner ana uigizaji unaoonekana mara moja, na ni bora kabisa. Wa Burton unahitaji uiangalie filamu kwa mara ya pili.

Kuhusu Mundt mwenyewe, Peter van Eyck, wapo wanaosema ni kama amechongwa kwa mti. Kama ameshikilia siri ambayo hata sisi watazamaji hatutakiwi kuinusa mpaka mwisho, angecheza vipi tofauti? Mimi sina ugomvi naye.

Swali: *Mwalimu, mimi ni mwanamke na nimeiangalia filamu hii nikiwa na hasira. Nan Perry ni msichana mpole anayependa, anayeamini, anayetumiwa, halafu anauawa. Wanaume wote wamepewa akili, yeye kapewa moyo. Claire Bloom hakustahili zaidi ya hapo?*

Jibu: Alistahili, na hasira yako iko mahali pake.

Claire Bloom hakuwa mwigizaji wa kubahatisha. Charlie Chaplin alimpa nafasi kubwa kwenye Limelight mwaka 1952, na alishacheza na Burton kwenye Look Back in Anger mwaka 1959. Walijuana kazini, na inaonekana. Humu ni Nan Perry, mfanyakazi wa maktaba, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti mwenye imani ya dhati kabisa kwamba dunia inaweza kuwa ya haki. Leamas anapewa kazi kwenye maktaba hiyo, naye anampenda mtu huyu mkorofi ambaye hasemi chochote kuhusu maisha yake.

Kosa liko kwenye mswada. Riwaya, iliyotoka mwaka 1963, inamwita Liz Gold, na inatuingiza kichwani mwake: tunajua anafikiri nini kuhusu wenzake wa chama, tunajua wasiwasi wake anaposafirishwa, tunajua anavyohangaika na swali la kama mtu aliyempenda alimdanganya. Paul Dehn na Guy Trosper, walioandika mswada wa filamu, wamekata sehemu kubwa ya hayo. Akiwa peke yake, Nan wa filamu hana muda wa kutosha wa kufikiri mbele yetu. Wanaume wana mazungumzo marefu kuhusu imani, na mtu pekee mwenye imani ambayo haijamdhuru mwingine hapewi mjadala huo. Leamas anapoulizwa naye anaamini nini, anampa mzaha wa basi namba 11 la kwenda Hammersmith, na mazungumzo yamekwisha.

Sasa nikuombe uangalie Bloom amefanya nini na kidogo alichopewa. Mbele ya baraza, ambalo rais wake ni Beatrix Lehmann mwenye uso mgumu wa jiwe, Nan anaulizwa maswali madogo madogo. Nani alikuja kumtembelea baada ya Leamas kufungwa? Kuna mtu alimlipia chochote? Yote yana majibu ya kweli na hana sababu ya kuyaficha. Bloom anaanza kujibu kama mtu mwaminifu anavyojibu, moja kwa moja. Kisha anaanza kuhisi kwamba kila ukweli anaoutoa unamuumiza mtu, ila hajui ni nani, na hajui uongo gani ungemsaidia. Sauti inapungua nguvu jibu baada ya jibu. Mwigizaji wa kawaida angelia hapo. Bloom anaendelea kujibu, na heshima ya Nan ndipo ilipo: ni mtu mkweli aliyewekwa katikati ya watu ambao kazi yao ni uongo, na ukweli wake wameupangia matumizi tangu London.

Na kwenye gari, wakati Burton anaachia ile hotuba niliyoisifia juu, usimwangalie Burton. Mwangalie yeye. Hotuba hiyo huwa inanukuliwa kama ya Leamas, lakini aliyeilazimisha ni Nan kwa maswali yake. Anakataa kukubali kwamba Fiedler, mtu aliyesema kweli, afe ili muuaji apone. Baada ya maneno yote ya Leamas, bado hajakubali. Kwangu mimi, ndani ya gari lile aliyeshinda hoja ni yeye.

Hilo halifuti lawama yako. Mwigizaji mzuri ameziba pengo ambalo waandishi walipaswa kuliziba wenyewe.

Swali: *Mwalimu, swali fupi. Mwaka 1965 filamu za rangi zilikuwapo tele. Kwa nini hii ni nyeusi na nyeupe? Na Berlin ile ni Berlin kweli?*

Jibu: Rangi haikukosekana, ilikataliwa. Mpiga picha alikuwa Oswald Morris, mtu aliyeijua rangi kuliko wengi. Alishafanya Moulin Rouge ya mwaka 1952, ambayo ilisifiwa kwa rangi zake, na baadaye akachukua Oscar kwa Fiddler on the Roof. Mwaka huohuo wa 1965 Bond alikuwa kwenye Thunderball, bahari ya buluu na jua tele. Ritt na Morris walitaka kinyume chake: mvua, koti lililolowa, taa ya umeme kwenye lami, kuta zenye unyevu. Kijivu kimetawala kiasi kwamba London na Ujerumani Mashariki hazitofautiani sana, na nadhani walikusudia hivyo. BAFTA walimpa Morris tuzo ya upigaji picha. Kwa mwigizaji, kijivu hicho ni zawadi pia, maana kinabeba kila kunyanzi la uso; Burton wa rangi angekuwa na macho mazuri mno.

Berlin yenyewe unayoiona ni Dublin. Ukuta na kituo cha ukaguzi vilijengwa kwenye uwanja wa Smithfield, Ireland.

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Nimeiangalia mara mbili na bado nimechanganyikiwa. Mundt ni wa nani mwishoni? Na kwa nini Leamas anashuka ukutani badala ya kuruka upande wake akapona?*

Jibu: Marahaba. Hujachanganyikiwa peke yako. Leamas naye hakuelewa mpaka amechelewa.

Mundt ni mtu wa Waingereza kweli. Fiedler alikuwa sahihi. Shida ya London ilikuwa ni Fiedler mwenyewe, aliyekuwa amekaribia kuligundua hilo na kuwa na ushahidi. Kwa hiyo wakamtuma Leamas kumpelekea Fiedler ushahidi zaidi, lakini ushahidi uliotegwa, wa kuporomoka mbele ya baraza. Ukiporomoka, Mundt anaonekana amesingiziwa na anakuwa salama kuliko alivyokuwa, na Fiedler anakufa kama mla njama. Ndiyo maana mtu wa Control, Smiley, anayechezwa na Rupert Davies, alimtembelea Nan na pesa zikalipwa: alama ziliachwa makusudi ili zikutwe. Leamas alidhani anamwangamiza Mundt. Alikuwa anamlinda.

Hapo ndipo kile nilichosema kwenye barua ya kwanza kinapopata uzito. Leamas aliigiza mbele ya adui miezi yote hiyo, na muda wote bosi wake alikuwa anaigiza mbele yake, kwa ule upole wa Cusack. Rudi uangalie tukio la ofisini ukiwa unajua hivyo. Cusack haonyeshi kitu, na hakutakiwa kuonyesha, ila utaona jinsi anavyoepuka kumpa Leamas muda wa kuuliza. Hata kifo cha Karl kwenye baiskeli kinabadilika maana.

Ritt alikuwa mtu wa kulielewa jambo hili kwa undani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alinyimwa kazi kwenye televisheni ya Marekani kwa tuhuma za ukomunisti, na Wanamaker, yule Peters wa Uholanzi, naye alibaki Uingereza kwa sababu za aina hiyohiyo. Wanapotuonyesha baraza ambalo jibu la kweli la mtu linageuzwa kuwa kitanzi, wanajua wanachozungumza. Le Carré naye, ambaye jina lake halisi ni David Cornwell, alikuwa ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyefanya kazi ubalozini Bonn wakati ukuta unajengwa.

Sasa ukuta. Mundt amewapangia njia ya kutoroka, wapande kwa vyuma vilivyochomekwa. Leamas yuko juu, anamvuta Nan kwa mkono, taa ya msako inawashwa na Nan peke yake anapigwa risasi. Haikuwa bahati mbaya. Nan anajua siri ya Mundt na si mtu wa kazi hiyo. Hakuna aliyepanga avuke. Sauti za upande wa Magharibi zinamwita Leamas aruke. Burton anageuka kuwatazama, anatazama chini alipoanguka Nan, na uso unaacha kununa. Ni badiliko dogo, kama mtu aliyeondolewa kiatu kinachobana. Kisha anashuka taratibu, kwa utulivu, upande wa Mashariki, mpaka wanapompiga risasi.

Kwa nini? Kwa sababu kushuka ndiko uamuzi wa kwanza anaoufanya ambao hakuna mtu aliyempangia. Kila hatua kabla ya hapo, hata ile aliyodhani ni ya mapenzi, ilikuwa imeandikwa ofisini kwa Control. Akiruka, anakuwa mtumishi mwema aliyerudi nyumbani, na Nan anabaki chini kama gharama ya kazi. Burton anaicheza bila huzuni, na kama angeweka hata chozi moja tungedhani amekata tamaa.

Wengi mmemalizia barua zenu kwa kuuliza muangalie nini baada ya hii. Nendeni kwenye The Deadly Affair ya Sidney Lumet, iliyotoka muda mfupi baadaye kutokana na riwaya ya kwanza ya le Carré, mswada ukiwa wa Paul Dehn huyohuyo. James Mason anacheza mhusika ambaye kitabuni ni Smiley, ila humo anaitwa Charles Dobbs, kwa kuwa haki za jina la Smiley zilikuwa kwa kampuni iliyotengeneza filamu ya Burton. Ni ya rangi, lakini mpiga picha Freddie Young aliidhoofisha rangi makusudi kwa kuupitisha mkanda wa filamu kwenye mwanga kidogo kabla ya kupiga picha. Na Simone Signoret yumo, kama mjane aliyenusurika kambi za Wanazi. Aliyekasirika kwa niaba ya Nan Perry aanze na huyo, kisha aniandikie.